Hausingi za injini ya rota: ipi inaingiliana na ipi, na moshi unabadilika vipi

Hausingi ya rota inaweza kukaa vizuri kwenye pini zake, ikapitisha bolti zote ndefu, injini ikawaka, na bado ikawa si ya injini hiyo. Jibu utalipata kwenye mashine ya kupima moshi, pesa zikiwa zimeshatoka na injini imeshafungwa. Ndiyo maana nasisitiza ukaguzi wote ufanyike sehemu zikiwa bado juu ya meza.

Sababu iko kwenye umbile la injini yenyewe: badala ya pistoni ina rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya hausingi na kuigawa kuwa vyumba vitatu. Kwenye rota za Mazda, ile hausingi ya alumini yenye umbo kama namba nane iliyonenepa kiunoni inabeba kazi nyingi kwa pamoja. Ni ukuta ambao sili za ncha za rota zinausugua. Ina matundu ya plagi na njia za maji. Kwa injini zote za uzalishaji za kampuni hiyo kabla ya Renesis, yaani injini ya RX-8, mlango wa ekzosi uko humo humo. Pembeni ya mlango huo kuna njia ya hewa ya pampu, na kwa matoleo ya baadaye kuna tundu la kudungia oili. Ukibadilisha hausingi umegusa vyote hivyo kwa mkupuo mmoja.

Mwongozo huu unahusu 12A, 13B na Renesis, injini za RX-7 na RX-8, kwa kuwa ndizo zenye vipuri vinavyozunguka sokoni.

Kabla ya spana: rota inachafua wapi

Chumba cha mwako cha rota ni kirefu, chembamba, na kinasafiri wakati moto unaendelea kuwaka. Eneo la kuta zake ni kubwa ukilinganisha na ujazo, hivyo moto huzimika karibu na kuta kabla ya kumaliza mchanganyiko wote. Mabaki hukusanyika zaidi kwenye mkia wa chumba, jirani na sili ya ncha inayokuja nyuma. Mlango wa ekzosi ukiwa kwenye ukuta wa hausingi, sili hiyo inayafagia mabaki moja kwa moja hadi nje. Juu yake kuna oili inayochomwa kwa makusudi ili sili zisikauke. Kwa hiyo shida kubwa ya rota ni hidrokaboni (HC), ikifuatiwa na monoksidi ya kaboni (CO). Oksidi za nitrojeni huwa chini kuliko za pistoni kwa sababu mwako wake hauna joto kali kiasi hicho.

Wajapani wenyewe waliliweka hili kwenye sheria. Katika ukaguzi wao wa magari, yaani shaken, injini ya kawaida ya mipigo minne ya kizazi cha zamani iliruhusiwa HC ppm (sehemu kwa milioni) 1,200 ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagiwa mafuta, lakini rota ilipewa nafasi yake peke yake: ppm 3,300. Magari ya kanuni za 1998 na kuendelea yakabanwa hadi ppm 300 kwa CO isiyozidi asilimia 1. Ukijua gari lako liko upande gani wa mstari huo, unajua pia una nafasi kiasi gani ya kukosea kwenye hausingi.

Hatua ya 1: Jua familia ya injini

Usianze na maneno ya muuzaji. Anza na vernia. Pima unene wa hausingi ya rota, kutoka uso mmoja bapa hadi wa pili. Ya 12A ina milimita 70, ya 13B ina milimita 80. Ya 10A, ile ya Cosmo Sport ya 1967, ina milimita 60.

Injini hizo tatu zina umbo moja la ndani: egemeo la shafti (umbali wa kitovu cha rota kutoka kitovu cha shafti) ni milimita 15 na nusu kipenyo cha rota, kutoka kitovu hadi ncha, ni milimita 105. Kilichobadilika ni unene tu. Unaweza kuhakikisha mwenyewe: zidisha 5.196 kwa 15, kwa 105, kisha kwa 80, utapata karibu milimita za ujazo 654,700, ambazo ni zile sentimita za ujazo 654 za kila rota ya 13B. Weka 70 badala ya 80 upate 573 za 12A. Ufanano huo wa umbo ndio unaowapoteza watu, maana hausingi mbili zikilazwa chali zinaonekana pacha. Lakini hausingi ya 13B inataka rota ya 13B, shafti ya 13B na bolti ndefu za 13B. Hakuna njia ya kuchanganya upande mmoja 12A na mwingine 13B.

Rota ya MX-30 R-EV ya 2023, inayoitwa 8C, haina uhusiano wowote na hizi. Nusu kipenyo chake ni milimita 120 na hausingi zake za pembeni ni za alumini. Iache ilipo.

Hatua ya 2: Angalia mifereji ya sili za maji

Hapa ndipo injini nyingi za kuunganisha vipande hufia. Mpaka 1985, mfereji wa sili ya maji ulichongwa kwenye hausingi ya rota, na hausingi ya pembeni, ile ya chuma, ilikuwa bapa. Kuanzia 13B za 1986, Mazda ikahamisha mfereji kwenda kwenye hausingi ya pembeni na kuiacha ya rota bapa.

Ukifunga hausingi ya rota ya 1984 na chuma za 1987, mfereji utatazamana na mfereji na sili itaelea. Ukifanya kinyume, bapa itatazamana na bapa na sili haitakuwa na pa kukaa. Vyovyote vile maji yataingia kwenye chumba cha mwako. Utaona moshi mweupe wenye harufu tamu ya kulanti, plagi italowa, na mwako utakuwa unakosa, kumaanisha petroli mbichi inaenda kwenye ekzosi. Katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi ambacho mafundi wengi wanakiita masega, haivumilii hali hiyo: petroli mbichi inaungulia ndani yake, inapata joto kupita kiasi na kuyeyuka.

Pitisha kidole kwenye nyuso zote mbili kabla ya kulipa. Mfereji lazima uwe upande mmoja tu.

Hatua ya 3: Chunguza mlango wa ekzosi kwa karatasi na penseli

Kati ya hausingi za 1986 hadi 2002, yaani za RX-7 FC (kizazi cha pili) na FD (kizazi cha tatu), nyingi huingiliana kwa umbile. Tofauti zake ziko kwenye mlango wa ekzosi, na tofauti ndogo pale inaonekana kubwa kwenye mashine ya kupimia.

Safisha masizi kuzunguka mlango. Laza karatasi nyembamba kwenye ukuta wa ndani, ishike isiteleze, kisha sugua penseli juu ya kingo mpaka umbo la mlango litokee. Weka alama ya ukingo wa hausingi na ya tundu la plagi lililo karibu ili uwe na vipimo vya kuanzia. Fanya hivyo kwa hausingi yako ya zamani na kwa hiyo mpya, halafu ziweke karatasi mbili pamoja mbele ya taa. Ukingo ambao sili inaufikia kwanza ndio unaoamua ekzosi inafunguka lini. Ule wa mwisho unaamua inafungwa lini.

Mlango ukifunguka mapema, gesi zinatoka zikiwa bado zinaungua: joto la ekzosi linapanda, na sehemu ya mchanganyiko inatoka bila kumalizika. Ukifungwa kwa kuchelewa, muda ambao ekzosi na mlango wa kuingiza hewa viko wazi pamoja unaongezeka. Gesi chafu zinarudi na kuchanganyika na hewa mpya, sailensa inakuwa ya kutetemeka, mwako unakosa kila mara, na HC inapaa. Dereva anaweza kufurahia nguvu ya mizunguko ya juu asijue kinachotokea kwenye foleni.

Kuwa makini na hausingi zilizotumika kwenye mbio, maana wenye magari ya mashindano huwa wanaupanua mlango kwa grainda. Dalili zake ni mikwaruzo ya chombo ndani ya mlango, ukingo uliolainishwa upande mmoja kuliko mwingine, au milango miwili ya hausingi za injini moja isiyolingana kwenye karatasi zako. Kama gari lako linakwenda kupimwa moshi, hausingi hiyo si yako hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Chungulia pia bomba fupi la chuma lililopachikwa ndani ya mlango. Kazi yake ni kuizuia alumini isinyonye joto la gesi, ili gesi ifike kwenye katalisti ikiwa bado moto. Likiwa limepasuka au limechomolewa, katalisti inachelewa kupata joto na dakika za kwanza baada ya kuwasha zinakuwa chafu zaidi. Baadhi ya hausingi za FC isiyo na tabo (turbo) zina vigawanyio ndani ya bomba hilo. Usichanganye yenye vigawanyio na isiyo navyo kwenye injini moja, maana rota mbili zitapumua kwa namna mbili na utahangaika kutafuta kosa kwenye sindano za petroli ambazo hazina kosa.

Hatua ya 4: Fuata njia ya hewa mpaka mwisho

Nikiambiwa nichague hatua moja tu isirukwe, ni hii. Mazda haikutegemea mwako pekee kusafisha rota. Tangu miaka ya 1970 ilifunga chumba cha chuma kwenye mlango wa ekzosi, pampu ikasukuma hewa ndani yake, na mabaki yakaungua mara ya pili. RX-7 za Marekani ziliuzwa na mfumo huo hadi 1980, kisha 1981 katalisti ikachukua nafasi. Pampu ya hewa ilibaki. Inapeleka hewa kwenye milango ya ekzosi kupitia hausingi ya kati, ile ya chuma iliyo katikati ya rota mbili, na kwa nyakati fulani moja kwa moja kwenye katalisti.

Hewa hiyo inapita kwenye tundu dogo la hausingi ya rota, karibu na mlango. Hausingi isiyo na tundu hilo, au yenye tundu lililozibwa na mtu aliyetangulia, au ambalo halilingani na la hausingi ya kati, itafunga na kuwaka kama kawaida. Ila hewa haitafika. HC na CO zitapita zilivyo hadi kwenye katalisti, nayo haina oksijeni ya kutosha kuzichoma.

Kagua hivi: laza hausingi ya kati, panga ya rota juu yake kwa pini zake, kisha puliza hewa ya kompresa kupitia njia ya kuingilia. Weka kiganja kwenye mlango wa ekzosi. Upepo lazima uusikie waziwazi kwenye rota zote mbili. Ukiwa hafifu, masizi yameziba. Loweka kwa dawa ya kusafishia kabureta na uzibue kwa waya laini bila kukwaruza uso. Pima pia valvu ya upande mmoja, ile inayozuia gesi ya ekzosi isirudi kwenye pampu, kwa kuipuliza kutoka pande zote mbili. Ikipitisha kurudi nyuma, gesi ya moto itaiunguza valvu ya kugawa hewa na pampu baada yake.

Hatua ya 5: Matundu ya oili na sensa

Kuanzia 1986 oili ya kulainisha sili hudungwa kwenye hausingi yenyewe pamoja na manifoldi. 12A za kabureta ziliipitisha kwenye kabureta. Hausingi ya zamani haina mahali pa sindano ya oili, na anayeziba mrija ili mambo yaende anaua sili. Sili ikianza kuvuja, gesi za chumba kimoja zinaingia cha jirani na HC haishuki tena kwa marekebisho yoyote.

Kwa RX-8 tofauti iko ndani ya jina moja. Magari ya mwanzo yana sindano 2 za oili kwa kila hausingi. Toleo la 2009 na kuendelea lina 3, ile ya nyongeza ikiwa katikati, na pampu zake ni za umeme. Hausingi ya toleo la pili kwenye gari la kwanza inaacha tundu lisilo na mwenyewe, na hilo likizibwa vizuri halina madhara. Kinyume chake ndicho kibaya: sehemu ya kati ya sili inakosa oili ambayo kompyuta inaamini imeipeleka.

Injini za tabo zina sensa ya noki (inayosikia mwako wa kugonga) iliyofungwa kwenye hausingi ya rota, na hausingi ya injini isiyo na tabo inaweza kukosa uzi wake. Angalia kabla ya kusafisha na kupaka rangi.

Renesis ni habari nyingine

Renesis, au 13B-MSP, iliingia na RX-8 mwaka 2003. Unene ni ule ule wa milimita 80 na ujazo ni ule ule wa 654 mara mbili, hivyo swali huja kila mara: je, naweza kufunga hausingi za FD? Kwa mwenye kujali moshi, jibu ni hapana. Kwenye Renesis mlango wa ekzosi ulihamishwa kutoka hausingi ya rota kwenda hausingi za pembeni. Sili ya ncha haina tena mlango wa kufagilia mabaki. Petroli isiyoungua inabaki ndani na kupelekwa kwenye mzunguko unaofuata ikaungue, na ule muda wa milango miwili kuwa wazi pamoja umeondolewa kabisa.

Ukifunga hausingi yenye mlango ukutani juu ya chuma za Renesis, injini inapata njia mbili za ekzosi. Wanaojenga injini za mbio huziba zile za pembeni na kunufaika na milango mikubwa ya kuingizia hewa. Ni kazi halali kwa uwanja wa mbio, lakini wanatupa kitu pekee kilichoifanya rota ipite viwango vya miaka ya 2000. Hata Renesis kamili ilikuwa inapumua kwa shida: iliacha kuuzwa Ulaya 2010 kwa sababu haikufikia kiwango cha moshi cha Euro 5, na uzalishaji ukaisha 2012.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki hapa pana jambo la kifedha. Kenya hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka 8, kwa hiyo RX-8 zilizopo ndizo hizo hizo, na uhai wake unategemea injini na vipuri vilivyotumika. Ukiagiza, taka picha ya ukuta wa hausingi na idadi ya matundu ya oili. Jina la gari peke yake halitoshi.

Hatua ya 6: Uchakavu

Hausingi sahihi iliyochakaa inachafua kama isiyo sahihi. Tazama kromu karibu na matundu ya plagi na kwenye kingo. Ikibanduka hata kipande cha ukucha, iache. Pima unene sehemu nne kuzunguka hausingi: tofauti kati ya vipimo hivyo isizidi milimita 0.06 kwa 13B. Pima na ubapa wa chuma za pembeni kwa rula ya chuma na fila geji. Kikomo ni milimita 0.04.

Hatua ya 7: Funga, pima kompresheni

Kaza bolti ndefu kwa awamu na kwa mpangilio wa kitabu cha gari lako. Baada ya hapo tumia kipimo cha kompresheni cha rota, kwa kuwa kile cha pistoni kinaonyesha chumba chenye nguvu pekee na kuficha viwili vingine. RX-8 inatakiwa isishuke chini ya kPa 680 kwa mizunguko 250 kwa dakika. Vyumba vya rota moja visipishane zaidi ya kPa 150, na rota mbili zisipishane zaidi ya kPa 100. Ukiwa chini ya hapo usiende kupima moshi, utapoteza ada.

Hatua ya 8: Pima moshi, soma namba kwa pamoja

Injini mpya itatoa moshi wa vaselini na oili ya kufungia sili. Iendeshe kwa upole mpaka sili zikae, katalisti ipate moto, ndipo upime. Fanya kipimo cha kwanza pampu ya hewa ikiwa imetolewa mkanda au mrija wake umezibwa kwa muda, maana hewa yake inazimua gesi na kuzifanya namba zionekane nzuri. Kisha rudisha hewa na upime tena.

HC ya juu na CO ya kawaida ni mwako unaokosa au sili inayovuja: anza na plagi na koili. CO ya juu ni petroli nyingi mno. Kama namba za kipimo cha kwanza na cha pili zinafanana, hewa haifiki mlangoni, rudi hatua ya 4. Kama HC iko juu kwenye sailensa tu na inashuka vizuri injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500, chukua zile karatasi mbili za penseli uzitazame upya.

Aliye Marekani ana jambo moja zaidi. Sheria ya shirikisho inakataza kuondoa au kulemaza kifaa cha kudhibiti moshi, na California hupima magari ya petroli ya 1976 na kuendelea, maana yake RX-7 zote zimo. Injini ya kubadilisha lazima iwe ya mwaka ule ule au mpya zaidi kuliko gari, ije na vifaa vyake vyote vya moshi, na ikaguliwe na mwamuzi wa serikali anayebandika lebo. Piga picha kila hausingi kabla ya kuifunga, mlango na tundu la hewa vionekane, na uzihifadhi pamoja na risiti, kwa sababu injini ikishafungwa sehemu hizo hazionekani tena.